Kujenga Jahazi la Lamu kwa Matofali ya LEGO: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni kwa mtu anayetaka kujenga chombo cha tanga ambacho mzee wa pwani akikiona atakitambua kabla hujamwambia ni nini. Mfano tunaoutumia kote ni jahazi la Lamu la mita 18, kwa skeli ya 1:40, likiwa mbele ya mji. Pale tunapotoka nje ya mfano huo tutasema.

Majina ya vipande: *tofali* ni kipande cha kawaida, chenye kimo cha milimita 9.6. *Kibapa* ni kile chembamba cha milimita 3.2, hivyo vibapa vitatu ni sawa na tofali moja. *Kigae* ni kibapa kisicho na vinundu juu. *Mteremko* ni tofali lililokatwa kwa mshazari. *Kinundu* ni lile duara la juu ya tofali, na kutoka katikati ya kinundu hadi katikati ya kinundu cha pili ni milimita 8.

## Kabla ya kuanza

1. Kwa nini jahazi, wakati madukani zimejaa meli za maharamia?

Meli za maharamia zilianza kutolewa na LEGO mwaka 1989, na ni nzuri kwa waliokusudiwa. Lakini ni meli za Ulaya: tumbo limevimba, matanga yamekatwa kwa pembe nne, mizinga imetokeza ubavuni. Jahazi lina mlingoti mmoja ulioinama mbele, foromali (mti unaobeba tanga) ndefu iliyokaa mshazari, na tanga moja kubwa. Ni umbo jepesi kulielewa na gumu kulipata sawasawa, na ndiyo raha yake. Tena ni chombo ambacho bado unaweza kwenda kukitazama kikiwa kazini. Pwani yetu ina vyombo ambavyo hakuna seti ya dukani iliyovigusa, na ni haki yake vijengwe na watu wanaovijua.

2. Sijawahi kujenga chochote bila maelekezo. Nianze na chombo gani?

Anza na ngalawa. Ngalawa ya mita 6 inatoka sentimita 15 tu, yaani vinundu 19 hivi, na mwili wake ni gogo lililochongwa, si mbao zilizopigiliwa. Mirengu (mbao za kuelea) miwili ya pembeni itakufundisha kufunga vitu kwa uzi.

Hatua ya pili ninayoipendekeza ni Flipflopi, dau lililojengwa Lamu kwa plastiki iliyookotwa fukweni na mijini, likavishwa makubadhi ya mpira yaliyokatwakatwa. Lilishushwa majini mwaka 2018, na mwaka 2019 likasafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar, kilomita 500 hivi. Lina urefu wa mita 9, kwa hiyo mfano wake ni sentimita 22. Mwili wake ni wa rangi mchanganyiko, basi yale matofali ya rangi zote uliyonayo sandukuni ndiyo hasa yanayohitajika. Hutanunua hata kipande kimoja cha kahawia.

3. Kwa nini skeli ya 1:40?

Kwa sababu ya vijitu. Kijitu cha LEGO kina kimo cha sentimita 4, na mtu wa kawaida ni mita 1.6 na kitu. Ukigawanya unapata 40. Vijitu hivyo ni vipana kupita binadamu, kwa hiyo wajenzi wengine huchagua 1:45 au hata 1:48, lakini 1:40 hurahisisha hesabu: sentimita moja ya mfano ni sentimita 40 za kweli, na kinundu kimoja ni sentimita 32.

Jahazi la mita 18 linakuwa sentimita 45, yaani vinundu 56. Upana wa mita 5 na nusu unakuwa vinundu 17. Kina cha mita 2 na nusu kutoka mkuku (mti wa chini kabisa wa chombo) hadi ukingo kinakuwa milimita 62, karibu vibapa 20. Andika tarakimu hizi tatu mahali unapoziona.

Kama nafasi ni ndogo, acha vijitu kabisa ushuke hadi 1:80. Kila kitu kinapungua nusu, ila tanga bado linapendeza.

4. Nitahitaji vipande vingapi?

Inategemea umechagua njia gani ya kujenga ubavu (swali la 8) na kama unajenga bahari (swali la 17). Bahari hula vipande kuliko chombo. Njia ya uhakika ni kuchora kwanza kwenye kompyuta: programu ya Studio ni ya bure, na inakutolea orodha ya vipande kwa rangi na idadi. Asiye na kompyuta ajenge robo ya chombo kwa rangi yoyote aliyonayo, ahesabu, azidishe kwa nne.

5. Nikiwa Mombasa, Dar au Kampala, nitapata wapi matofali?

Maduka ya wanasesere kwenye majengo makubwa ya biashara huuza seti nzima, na seti nzima si njia nzuri ya kupata vibapa mia mbili vya kahawia. BrickLink ni soko la mtandaoni la kipande kimoja kimoja, tangu mwaka 2019 likiwa mali ya LEGO yenyewe. Hapo utachagua rangi na idadi, lakini nauli ya kutoka Ulaya inaweza kuzidi bei ya mzigo, kwa hiyo wajenzi wawili watatu wakiagiza pamoja wanapumua. Uliza kodi ya forodha kabla ya kulipa, si baada.

Wenye jamaa Uingereza, Dubai au Muscat wanajua njia nyingine. Mtu anayekuja likizo ana nafasi ya kilo mbili begini, na kilo mbili za vibapa ni mzigo wa maana. Na usidharau mitumba. Wanasesere waliotumika huuzwa kwa fungu, na ndani yake hutokea magurudumu, vichwa, na mara moja moja konzi ya matofali mazuri.

6. Matofali ya kampuni nyingine yanafaa?

Ndiyo, kwa mahali pake. Hataza ya tofali, iliyoombwa Denmark mwaka 1958, ilikwisha muda wake zamani, na viwanda kadhaa sasa vinatengeneza vipande vinavyoshikana na vya LEGO. Vibaya ni vile vinavyoshika kwa kulegea au vinavyobana hadi kupasuka. Vitumie ndani ya chombo na chini ya bahari ambako havionekani wala havibebi uzito. Mkuku, na pale mlingoti unaposimama, weka vipande unavyoviamini.

## Mwili wa chombo

7. Nitapata wapi vipimo vya jahazi halisi?

Kwenye jahazi. Mafundi wa Matondoni, upande wa pili wa kisiwa cha Lamu, na wa Nungwi, Unguja, hujenga nje, ufukweni, na ukiomba kwa adabu utaruhusiwa kupima kwa hatua na kupiga picha. Picha tatu zinatosha: moja kutoka ubavuni ukiwa umesimama mbali, moja kutoka mbele kabisa, na moja kutoka nyuma. Ukipiga kwa karibu, omo (sehemu ya mbele) itaonekana kubwa kuliko ilivyo na mfano wako utarithi kosa hilo. Makumbusho ya Lamu nayo yana mifano ya vyombo vya pwani iliyochongwa na mafundi.

Kisha chukua karatasi ya miraba. Mraba mmoja ni kinundu kimoja. Chora chombo kama unavyokiona kutoka juu, mara tatu: kwenye mkuku, kwenye usawa wa maji, na kwenye ukingo. Michoro hiyo mitatu ikikaa juu ya mwenzake ndiyo ramani yako.

8. Matofali ni ya pembe mraba. Nitapataje ubavu uliopinda?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na lina majibu mawili.

Njia ya kwanza ni kupanga matabaka. Kila tabaka la vibapa ni kipande kimoja cha ile ramani, pana kidogo kuliko la chini yake. Ukihakikisha hakuna tabaka linalotokeza zaidi ya kinundu kimoja kupita lililo chini yake, umbo litapanda bila ngazi kubwa. Omoni, ambako chombo kinachongoka, tumia vibapa vilivyokatwa mshazari, kushoto na kulia kwa jozi. Njia hii ni imara na hula vipande vingi.

Nzuri yake ni hii: ukingo wa kibapa una milimita 3.2, ambazo kwa 1:40 ni karibu sentimita 13. Huo ni upana wa ubao wa kweli. Kwa hiyo matabaka yako, yakitazamwa kutoka ubavuni, tayari ni mbao. Tumia vibapa virefu, na viungio visikutane juu kwa chini. Fundi wa Matondoni naye hakutanishi viungio vya mbao mbili zilizopakana, kwa sababu ileile ya uimara. Asimamaye hatua mbili kutoka kwenye meza ataona mbao tupu, hataona LEGO.

Njia ya pili ni ya fundi wa chombo hasa: simamisha mkuku, simamisha mataruma (mbavu za chombo), halafu pigilia ubavu. Mkuku ni safu ya matofali yenye upana wa vinundu viwili. Mataruma ni nguzo fupi kila baada ya vinundu sita au vinane, na kwenye kila nguzo unaweka bawaba au klipu. Ubavu unajengwa pembeni kwa vipande-vipande vya vibapa, halafu unatundikwa kwenye bawaba na kulazwa kwa mwinuko unaoutaka. Mianya kati ya kipande na kipande huzibwa kwa ukingo wa juu na kwa mbao za mpakani. Umbo linakuwa laini zaidi, chombo kinakuwa chepesi, ila ukikishika vibaya ubavu unang'oka.

Kwa jahazi la kwanza ninashauri matabaka hadi usawa wa maji, na ubavu wa kutundika kutoka hapo kwenda juu.

9. Nikigeuza vibapa ubavuni havilingani na matofali yaliyosimama. Kwa nini?

Kwa sababu kimo na upana wa LEGO havigawanyiki sawa. Kumbuka kanuni moja: vibapa vitano vilivyorundikwa ni milimita 16, sawa na upana wa vinundu viwili. Kila unapogeuza kazi ubavuni, tafuta mahali ambapo tano zinakutana na mbili, na kila kitu kitafunga. Nusu ya kinundu unaipata kwa kibapa chenye kinundu kimoja katikati.

10. Omo na tezi (sehemu ya nyuma) zikae vipi?

Hapa ndipo wenyeji watakapokuhukumu. Jahazi la Lamu lina omo iliyosimama wima karibu kabisa, lakini la Unguja omo yake imelala mbele. Usichanganye. Kwa omo ya wima, safu moja ya matofali ya kinundu kimoja kutoka mkuku hadi juu inatosha, ikivikwa vigae mbele.

Tezi ni bapa, imekatwa wima, na usukani umening'inia nje yake. Jenga ubao wa tezi ukiwa umelazwa, halafu uusimamishe. Usisahau kile kibanda kidogo kinachotokeza nje karibu na tezi, ambacho ni choo cha mabaharia. Vipande kumi hivi tu, na kila aliyewahi kusafiri na jahazi atacheka kwa furaha akikiona.

Macho ya omoni, yale maduara yaliyopakwa rangi kila upande, yanatoka vizuri kwa kigae cha duara cha kinundu kimoja. Kwa skeli yetu ni sentimita 32, saizi inayofaa.

11. Rangi gani ni sahihi?

Juu ya maji, mbao zilizopakwa sifa (mafuta) ya papa huwa za kahawia iliyokolea, na zikikaa juani hugeuka kijivu. Changanya kahawia iliyokolea, kahawia ya kawaida, na vipande vichache vya rangi ya mchanga uliokolea, bila mpangilio. Chombo cha rangi moja tupu huonekana kipya kutoka dukani. Chini ya maji ni nyeupe, kwa sababu mabaharia hupaka mchanganyiko wa shahamu (mafuta ya mnyama) na chokaa kuzuia wadudu wa baharini. Weupe huo unahitajika tu kama unaonyesha chombo kikiwa mchangani (swali la 18).

Tahadhari mbili. Karibu mwaka 2004 LEGO walibadilisha kahawia na kijivu zao, kwa hiyo vipande vya mitumba vya zamani havitafanana na vipya. Kwenye mbao zilizochakaa hilo ni faida, kwenye ukuta ni doa. Pili, kahawia yenye wekundu ya miaka kadhaa ya nyuma ina sifa mbaya ya kuvunjika. Ipashe joto mkononi kabla ya kuibandua, na usiitumie pale unapojua utafungua mara kwa mara.

12. Nitumie gundi?

Hapana. Kilichogundishwa hakirekebishiki, na jahazi la kwanza litahitaji kurekebishwa. Kikilegea, rundika vizuri zaidi. Gundi ya maji ina kazi moja tu hapa, nayo ni kwenye kitambaa cha tanga.

## Mlingoti, foromali na tanga

13. Mlingoti uliosimama kwa matofali unakuwa mnene au unavunjika. Nifanye nini?

Tofali la duara la vinundu viwili kwa viwili ni sentimita 64 kwa skeli yetu. Huo ni mbuyu. Tumia matofali ya duara ya kinundu kimoja, ambayo ni sawa na sentimita 32, na uyatunge kwenye fimbo ya milimita 3, ya chuma au ya mti. Matofali 31 yanakupa sentimita 29.8, yaani mlingoti wa mita 12. Chagua yale yenye tundu linalopita hadi chini.

Mlingoti wa jahazi umeinama mbele, na mwinamo huo haupatikani kwa kubahatisha. Acha fimbo tupu itokeze chini, ipite kwenye mwanya wa sitaha, na ishikwe kwa klipu kwenye mkuku kinundu kimoja *nyuma* ya ule mwanya. Kina kati ya sitaha na mkuku kikiwa sentimita 5 au 6, unapata mwinamo wa nyuzi 7 hadi 9, na mlingoti unaweza kung'olewa kwa kuuvuta tu. Hilo utalishukuru siku ya kusafiri (swali la 24).

14. Foromali iwe ndefu kiasi gani?

Ndefu kuliko unavyofikiri. Foromali hukaribia urefu wa chombo chenyewe, na mfano wenye foromali fupi hautaokolewa na kitu kingine chochote, hata ubavu ukiwa wa ajabu. Kwa jahazi letu usishuke chini ya sentimita 40.

Foromali kubwa za kweli huungwa kwa miti miwili au zaidi iliyofungwa pamoja. Fanya hivyohivyo: fimbo mbili za milimita 3, zipishane katikati kwa sentimita 10, zifungwe kwa uzi mahali patatu. Unene wa katikati na wembamba wa ncha unajitokeza wenyewe.

15. Tanga liwe la kitambaa au la matofali?

Wanaoshikilia kwamba kila kitu kiwe LEGO hujenga tanga kwa vibapa vyeupe, na kwa chombo kidogo chenye tanga lililokunjwa inapendeza. Kwa jahazi linalosafiri, mimi nasema kitambaa, bila kusita. Tanga la jahazi ni kitu kilichojaa upepo, na vibapa havijai upepo.

Kitambaa bora ni marekani, ile pamba isiyopaushwa. Ndiyo iliyoletwa pwani kwa wingi karne ya 19 na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, ikabaki na jina la kwao. Chagua nyembamba. Ifue ili uwanga utoke, ichovye kwenye chai ya rangi iliyopoa hadi weupe wake ufe, ianike, ipige pasi.

Kata kwanza kwa karatasi, funga karatasi kwenye foromali, utazame kutoka mbali. Tanga letu si pembetatu kamili: kona ya mbele hukatwa, ikabaki ukingo mfupi. Kwa foromali ya sentimita 40, anza na ukingo wa juu wa sentimita 37, wa nyuma 33, wa chini 30, na ule mfupi wa mbele 4, halafu rekebisha. Ukiridhika, hamishia kwenye kitambaa na uache nusu sentimita ya kukunja.

Mishono ya mapande ya tanga ichore kwa penseli ngumu, sambamba na ukingo wa nyuma, kila baada ya sentimita moja na nusu. Usiishone kwa cherehani, kwani uzi wa cherehani kwa 1:40 ni mnene kama kamba. Pembeni shonea uzi mmoja mzima kuzunguka, ndiyo dasi. Mwisho, changanya gundi nyeupe na maji, paka kitambaa, kilaze juu ya puto au bakuli kubwa lililofunikwa plastiki, kikauke. Kitabaki kimejaa upepo hata chumba kikiwa kimya.

16. Kamba zipi haziwezi kukosekana?

Jarari, inayopandisha foromali, ipite kwenye gofia (kapi) kileleni na kushuka kufungwa nyuma ya mlingoti. Demani, kwenye kona ya nyuma ya tanga, ishuke hadi tezini. Kamba ya kona ya mbele ifungwe omoni. Na kamba mbili au tatu za kushikilia mlingoti *upande wa upepo*. Kamba ya kweli ya sentimita 4 inakuwa uzi wa milimita moja, nazo nyembamba nusu yake. Pitisha uzi kwenye nta ya nyuki kabla ya kuutumia, utaacha kutoa manyoya.

Tanga likae upande wa pili wa mlingoti, mbali na upepo. Jahazi likigeuza, foromali husimamishwa wima na tanga huzungushwa mbele ya mlingoti. Halipiti nyuma. Kwa hiyo amua kwanza upepo wako. Chombo kinachotoka Mombasa kwenda Lamu wakati wa kusi (upepo wa kusini) kinapata upepo kutoka kulia, nyuma kidogo, na tanga linajaa kushoto. Bendera, minazi, moshi wa jiko la sitahani na nguo zilizoanikwa mjini lazima vielekee upande mmoja na tanga. Ni jambo dogo ambalo likikosewa mtazamaji anahisi kuna kitu hakijakaa, hata asipojua ni nini.

## Bahari na mji

17. Nitajengaje bahari bila kufilisika?

Msingi mmoja wa vinundu 48 kwa 48 una vinundu 2,304. Ukiufunika kwa vipande vya kinundu kimoja kimoja unahitaji hivyo vyote. Kwa vigae vya viwili kwa vinne unahitaji 288 tu. Changanya: vigae vikubwa mbali na chombo, vidogo karibu na omo na tezi ambako maji yanachafuka.

Rangi ndiyo siri. Panga kwanza tabaka la chini: rangi ya mchanga karibu na ufukwe, kisha samawati-kijani, kisha buluu iliyokolea kwenye mkondo. Juu yake weka vigae vinavyopitisha mwanga, visivyo na rangi au vya buluu hafifu. Maji yatapata kina. Povu la omoni ni miteremko midogo myeupe, michache.

18. Naweza kuonyesha maji yakiwa yamekupwa?

Unaweza, na ndiyo mandhari ninayoipenda kuliko zote. Kwenye bamvua (maji makuu), maji pwani ya Kenya na Tanzania hupanda na kushuka kiasi cha mita 3 hadi 4. Kwa skeli yetu hizo ni sentimita 7 na nusu hadi 10, nusu ya kimo cha ukuta wa gati na zaidi. Weka ukanda wa vipande vya kijani-kijivu ukutani hadi pale maji yalipofika, na chombo kilale mchangani kikiwa kimeegemezwa kwa boriti pande mbili. Sehemu nyeupe ya chini inaonekana, mafundi wanakwangua, mtoto anatafuta kaa. Hakuna hata kigae kimoja cha maji cha kununua.

19. Nyumba za mji zikae vipi?

Mji wa Kale wa Lamu, ulioingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2001, unatazama mashariki, ng'ambo ni Manda. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene nusu mita hivi, kwa hiyo zipe kinundu kimoja na nusu hadi viwili, ionekane dirishani. Nyeupe peke yake inakufa machoni. Ingiza rangi ya mchanga hafifu na, mahali plasta imebanduka, vipande vya kijivu vilivyogeuzwa ubavuni. Mlangoni jenga daka (ukumbi wa kuingilia) na baraza zake mbili. Paa la makuti ni vijiti vya rangi ya mchanga uliokolea vilivyobanwa kwa klipu, safu juu ya safu, ncha zisilingane.

20. Na minazi, mikoko na watu?

Mnazi: matofali ya duara ya kinundu kimoja yatungwe kwenye mrija laini badala ya fimbo, ukunje, shina litapinda. Mikoko ni mizizi kwanza na majani baadaye. Tumia vijiti na klipu viteremke pande zote kutoka shinani hadi kwenye tope.

Kijitu akivaa kipande cha sketi cheupe badala ya miguu, amevaa kanzu. Kofia ni kibapa cha duara cha kinundu kimoja juu ya kichwa. Mabaharia wakiwa kazini hawavai kanzu, wape miguu ya kahawia na kikoi cha kipande cha kitambaa.

## Maswali magumu

21. Mtepe unawezekana?

Unawezekana, na mtu aujenge. Mtepe ulikuwa chombo cha kushonwa kwa kamba za nazi, tanga lake la mkeka limekatwa mraba, na omo yake ilichomoza kama shingo ya ngamia. Haukupita nusu ya kwanza ya karne ya 20. Mishono kwa 1:40 ni midogo sana kujengwa kwa vipande. Pitisha uzi wa rangi ya kumvi katikati ya tabaka na tabaka kabla ya kubana. Tanga lisuke kwa nyuzi za ukindu zilizopasuliwa nyembamba. Umbo la omo ndilo litakalokusumbua, na hapo bawaba za njia ya pili (swali la 8) hazina mbadala.

22. Jahazi langu litaelea?

Halitaelea kwa muda mrefu. Plastiki ya LEGO ni nzito kidogo kuliko maji, na kila kiungio kinavuja. Vipande vikubwa vya tumbo vinavyouzwa vikiwa kimoja huelea kwa sababu havina viungio. Ukitaka chombo cha kuchezea majini, jenga juu ya kipande kama hicho.

23. Nichore kwanza kwenye kompyuta au nijenge moja kwa moja?

Mwili chora, mlingoti na tanga jenga. Studio itakuonyesha vipande vinavyogongana, ila haijui kitambaa wala uzi.

24. Nasafirishaje jahazi kwenda maonyeshoni?

Amua siku ya kwanza chombo kitakatwa wapi. Mlingoti, foromali, tanga na kamba zake ving'oke kama kitu kimoja: kamba zote zifungwe kwenye ukingo unaobanduka, wala si moja moja sitahani. Bahari igawanye kwa misingi ya 32 au 48, na mpaka ufichwe chini ya povu. Mwili ufungwe kwa taulo na ukae kwenye boksi lake peke yake. Ukisafiri kwa basi, upakate.

25. Nikae nalo nyumbani pwani, penye jua, vumbi na hewa ya chumvi?

Jua ndilo adui mkubwa. Nyeupe itageuka njano na buluu itafifia, kwa hiyo usiliweke mkabala na dirisha. Vumbi liondoe kwa brashi laini ya rangi, kila wiki, kabla halijashikana na unyevu. Vipande vikichafuka kabisa, vioshe kwa maji ya vuguvugu yasiyozidi nyuzi joto 40 na sabuni kidogo, vikauke kivulini. Fimbo ya mlingoti ikiwa ya chuma, ipake nta kabla ya kuitunga, la sivyo kutu itashuka kwenye sitaha. Tanga lisifuliwe. Likichafuka, lile karatasi ulilokatia kwanza bado unalo, kata jingine.